Aliyefungiwa Kuuliza

Kikao cha Bunge la Tanzania huanza kwa dua, na baada ya dua huja maswali. Mbunge husimama kutaja namba ya swali lake, waziri au naibu wake husoma jibu lililoandaliwa wizarani, kisha mwenye swali hupewa nafasi ya kuuliza la nyongeza. Kwenye nyongeza ndipo ukumbi huchangamka, maana jibu lililoandikwa huwa limekwisha kusomwa. Tangu mwaka 2008 Waziri Mkuu naye huketishwa kila Alhamisi kujibu ya papo kwa papo. Jumuiya hii ya waulizaji na wajibuji ina kanuni nene, ina Spika wa kuzisimamia, na ina mpambe wa kumsindikiza nje anayekaidi. Adhabu zake zina ngazi. Kwanza mbunge huambiwa athibitishe alichosema. Akishindwa, huambiwa afute kauli. Asipofuta, au wenzake wakiona kosa lake limevuka mpaka, husimamishwa asihudhurie vikao.

Mbunge aliyesimamishwa bado ni mbunge. Jimbo ni lake, jina lake halijafutwa mahali popote, na wapiga kura bado humpigia simu usiku kuhusu kisima kilichokauka. Kilichoondoka ni ile haki ya kusimama na kuuliza. Wengi wanaokutwa na adhabu hii huanza kujiuliza jambo moja kabla hata hawajafika kwenye lango la Bunge: haki hiyo hurudi vipi?

Mkoa wa Kigoma una mtu aliyelipitia swali hilo kwa njia karibu zote. Jina lake ni Zitto Kabwe.

Tarehe 14 Agosti 2007 Zitto alikuwa na miaka 30, mbunge wa muhula wa kwanza wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema. Alikuwa amewasilisha hoja binafsi kuhusu mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wilayani Kahama, ambako kampuni ya Barrick ilikusudia kuchimba. Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alikuwa amesaini mkataba huo London mwezi Februari mwaka uleule, wakati Rais Jakaya Kikwete alikwisha kuagiza mikataba ya madini ipitiwe upya. Zitto alitaka kujua haraka hiyo ilitoka wapi, na kwa nini saini iwekwe hotelini Ulaya badala ya ofisini nyumbani. Ombi lake halikuwa kubwa. Aliomba Bunge liunde Kamati Teule ichunguze, basi.

Hoja ikageuka. Mbunge wa Mchinga, Mudhihir Mudhihir wa CCM, alisimama kudai kwamba Zitto amelidanganya Bunge na anastahili kuadhibiwa. Wenye viti vingi wakapiga kura na kushinda. Badala ya waziri kuchunguzwa, aliyeomba uchunguzi ndiye aliyetoka nje, akizuiwa kuingia ukumbini hadi Januari 2008. Spika alikuwa Samuel Sitta, mzee aliyejivunia kuliendesha Bunge kwa kasi na viwango; siku hiyo kasi ilionekana zaidi ya viwango.

Katika hesabu ya kanuni, mambo yalikuwa yameisha. Zitto angekaa nyumbani miezi yake, Januari ingefika, angeingia na kuketi kimya akiwa amejifunza adabu. Lakini waliopiga kura ile hawakufikiria jambo moja, kwamba kumtoa mtu ukumbini kwa sababu ya swali ni kulitoa swali lenyewe mitaani. Hadi siku ile Buzwagi lilikuwa neno la watu wa Kahama na wanasheria wa madini. Wiki chache baadaye lilijadiliwa kwenye vijiwe vya kahawa vya Ujiji na foleni za daladala za Dar es Salaam. Zitto alihutubia mikutano ya hadhara iliyofurika, na vyama vya upinzani ambavyo kwa kawaida havikukaa chungu kimoja vikasimama jukwaa moja. Tarehe 15 Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa Karatu na mwenzake wa Chadema, alipanda jukwaani Mwembeyanga, Temeke, na kusoma orodha ya majina aliyoyaita ya mafisadi. Karamagi alikuwemo. Hakuna kanuni ya Bunge iliyofika Mwembeyanga.

Kisha Rais mwenyewe akafungua mlango ambao wabunge wa chama chake walikuwa wameufunga. Novemba 2007 Kikwete alitangaza kamati ya kuipitia sekta ya madini, mwenyekiti akiwa Jaji Mark Bomani, mwanasheria mkuu wa zamani. Ndani yake walikuwemo mwenyekiti wa UDP John Cheyo, mbunge wa CCM Ezekiel Maige, na Zitto Kabwe. Adhabu yake ya bungeni ilikuwa bado haijaisha. Mtu asiyeruhusiwa kuuliza kuhusu mkataba mmoja mjini Dodoma alikuwa sasa na kibali cha kuuliza kuhusu mikataba yote, migodini na wizarani.

Baadhi ya wapinzani walinuna. Walisema amemezwa, kwamba kijana ametulizwa kwa kupewa kazi na serikali. Hoja hiyo ina uzito wake, na Zitto aliibeba mgongoni kwa miaka. Hata hivyo matunda ya kamati yanaonekana kwenye vitabu vya sheria. Ripoti ya Bomani ilitoka mwaka 2008, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Jambo kubwa zaidi, ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi ya madini, si kwenye kile kinachobaki baada ya kampuni kukata gharama zake. Mwaka 2017 mrabaha ukapanda hadi asilimia 6, na Bunge likapitisha sheria ya kujipa mamlaka ya kupitia mikataba ya maliasili. Miaka kumi kabla, mbunge alitolewa nje kwa kuomba Bunge lipitie mkataba mmoja.

Karamagi hakudumu. Novemba 2007, wakati Zitto bado yuko nje, Bunge hilohilo liliunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Februari 2008 ripoti ikasomwa, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na mawaziri Karamagi na Ibrahim Msabaha wakafuata. Ilikuwa Richmond iliyomwondoa, si Buzwagi. Zitto alirudi kwenye kiti chake, na mwaka huohuo akawa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, kazi ambayo yote ni kuuliza.

Kwa hiyo alirudishwa na nini? Kwa karatasi, alirudishwa na kalenda: Januari ilifika. Lakini kuna wabunge wengi waliosimamishwa kwa muda uliotajwa, wakarudi siku ile muda ulipokwisha, na hakuna aliyekumbuka walichouliza. Yeye alirudi mkubwa kuliko alivyotoka kwa sababu katikati ya miezi ile swali lake halikusimamishwa pamoja naye. Lilipata kwingine pa kuulizwa, na wakubwa zaidi ya Spika wakaona ni afadhali lijibiwe.

Muda unapotajwa, adhabu huwa na mlango. Tofauti yake na adhabu isiyo na tarehe ni kubwa mno, na waandishi wa magazeti wanaijua zaidi ya wabunge. Julai 2012 serikali ililifungia gazeti la MwanaHALISI kwa muda usiojulikana, kwa kutumia Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, baada ya habari zake kuhusu kutekwa kwa Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari. Muda usiojulikana hauhesabiki. Huwezi kumwambia mwenye nyumba utalipa kodi lini, wala mpiga chapa asubiri hadi lini. Gazeti halikurudi kwa kungoja. Lilikwenda Mahakama Kuu, na Septemba 2015 mahakama ikasema kulifungia kulikuwa kinyume cha sheria. Zaidi ya miaka mitatu ilikuwa imepita.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2017, likafungiwa tena, safari hii kwa miezi 24 kamili. Angalau kulikuwa na tarehe! Lakini hapa ndipo kalenda ilipoonyesha upungufu wake. Sheria mpya ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilikuwa imeleta leseni, na leseni huombwa. Miezi 24 ilitimia mwaka 2019, na gazeti likabaki bila leseni. Mawio, lililofungiwa Juni 2017 kwa muda kama huo, nalo likabaki nje. Mseto lilikuwa limefungiwa Agosti 2016 kwa miaka mitatu. Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha ilitoa hukumu ya kulipa haki mwaka 2018, na bado halikuonekana mezani kwa wauza magazeti. Tanzania Daima lilifutiwa leseni Juni 2020.

Yote manne yalirudishiwa leseni kwa mkupuo tarehe 10 Februari 2022, katika kikao cha Waziri wa Habari na wahariri jijini Dar es Salaam. Waziri alikuwa Nape Nnauye, aliyekuwa na wiki chache tu ofisini. Ni Nape huyohuyo ambaye, katika awamu yake ya kwanza kwenye wizara ya habari, alilifungia Mseto. Alikuwa ametumbuliwa Machi 2017, akakaa benchi la nyuma karibu miaka mitano, akarudishwa na Rais Samia Suluhu Hassan. Pengine kukaa nje kulimfundisha kitu, pengine aliyebadilika ni bosi wake tu. Msomaji aamue.

Nape anaingia katika habari za Kigoma kwa njia nyingine. Tarehe 27 Januari 2016 ndiye aliyelieleza Bunge kwamba Shirika la Utangazaji, TBC, litaacha kurusha vikao moja kwa moja kwa sababu ya gharama. Kwa mkazi wa Dar es Salaam huenda hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa mkazi wa Buzebazeba, kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji iliyo mbali na Dodoma kwa takriban kilomita 800 za reli, matangazo hayo yalikuwa njia pekee ya kuliona swali likiulizwa. Asingepanda garimoshi kwenda kukaa kwenye jukwaa la wageni. Alichokuwa nacho ni luninga ya jirani au redio dukani, na mjadala wa wavuvi na wauza migebuka waliosimama kusikiliza.

Zitto wakati huo alikuwa mbunge wa Buzebazeba hasa, na hapo kuna hadithi yake. Machi 2015 alikuwa amefukuzwa Chadema baada ya kushindwa kesi dhidi ya chama chake, na kwa sheria ya Tanzania mbunge asiye na chama si mbunge. Hii ilikuwa zaidi ya kusimamishwa. Aliaga Bunge, akaondoka. Njia pekee ya kurudi ilikuwa kuomba kura upya. Akajiunga na ACT Wazalendo, akaacha vijiji vya Kigoma Kaskazini, akagombea Kigoma Mjini. Peter Serukamba wa CCM, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Mjini, akavuka kwenda Kigoma Kaskazini. Oktoba 2015 wote wawili wakashinda, kila mmoja kwa mwenzake. Mji huu una mazoea na wabunge wa upinzani, Dk. Aman Walid Kabourou aliuwakilisha akiwa Chadema vizazi vya kisiasa kabla ya Zitto.

Uchaguzi kama mlango wa kurudia una historia ndefu nje ya Tanzania pia. Charles Bradlaugh alichaguliwa na watu wa Northampton, Uingereza, mwaka 1880. Alikuwa hamwamini Mungu, na Bunge likakataa kumruhusu aape. Kiti chake kikatangazwa wazi, uchaguzi mdogo ukafanyika, Northampton wakamchagua tena. Wakarudia 1882, wakarudia 1884, wakarudia kwenye uchaguzi mkuu wa 1885. Januari 1886 Spika mpya hakuruhusu yeyote kumzuia, akaapa, akaketi. Mwaka 1891, Bradlaugh akiwa kitandani akikata roho, Bunge likafuta kwenye kumbukumbu zake azimio lililomzuia. Northampton hawakuwa na silaha nyingine yoyote zaidi ya ukaidi.

Kigoma Mjini hawakupata nafasi ya kukaidi kiasi hicho. Siku ile ya Januari 2016 Zitto alisimama kutaka mjadala uliopo usitishwe ili suala la matangazo lizungumzwe. Andrew Chenge alikuwa kwenye kiti. Kelele zikapanda, polisi wakaingia ukumbini, wapinzani wakatolewa. Mei 30 mwaka huohuo, baada ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge kumaliza kazi yake, wabunge saba wa upinzani wakasimamishwa kwa vipindi tofauti: Zitto, Tundu Lissu, Ester Bulaya, Halima Mdee, Godbless Lema, Pauline Gekul na John Heche. Safari hii utaratibu wa kamati ulifuatwa, na hilo liandikwe kwa haki. Zitto alikosa sehemu iliyobaki ya mkutano wa bajeti. Alirudi muda ulipokwisha, kama kanuni inavyosema. Matangazo ya moja kwa moja hayakurudi naye, na mikutano ya hadhara, ile iliyomwokoa mwaka 2007, ilikuwa imezuiwa nchi nzima kuanzia Juni 2016. Zuio hilo lilikaa hadi Januari 3, 2023, Rais Samia alipoliondoa mbele ya viongozi wa vyama Ikulu. Ukilinganisha miaka hiyo miwili unaona tofauti iko wapi: adhabu ya 2016 ilikuwa fupi kuliko ya 2007, lakini iliuma zaidi kwa sababu majukwaa ya pembeni nayo yalikuwa yamefungwa.

Adhabu yake ya mwisho ya aina hii haikutoka bungeni. Oktoba 2018 aliitisha waandishi wa habari Dar es Salaam na kusema kwamba watu wengi, zaidi ya mia, waliuawa katika vurugu kati ya polisi na wafugaji wilayani Uvinza, mkoani kwake. Akashtakiwa kwa uchochezi. Tarehe 29 Mei 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani, ikamwachia kwa sharti kwamba kwa mwaka mmoja asiseme wala kuandika maneno ya uchochezi. Mwaka huo mmoja ulifunika kampeni yote ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020. Mgombea akapanda jukwaani akijua kila sentensi inapimwa. Kilumbe Ng'enda wa CCM akatangazwa mshindi wa Kigoma Mjini, katika uchaguzi ambao upinzani uliukataa.

Kuna wanaoamini kwamba njia fupi ya kurudi ni kuomba radhi. Wakati mwingine inatosha kuwa wa nyumbani tu. Jerry Silaa, mbunge wa Ukonga kupitia CCM, alisimamishwa mikutano miwili mwezi Agosti 2021 kwa kauli kwamba mishahara ya wabunge haikatwi kodi. Miaka miwili baadaye alikuwa Waziri wa Ardhi. Lakini Spika aliyekuwa kwenye kiti siku hiyo, Job Ndugai, aliyewaadhibu wabunge wengi kuliko tunavyoweza kuwataja hapa, aliujua upande mwingine wa radhi. Desemba 2021 alikosoa mikopo ya serikali. Tarehe 3 Januari 2022 akasimama mbele ya kamera kumwomba Rais msamaha. Tarehe 6 akajiuzulu uspika.

Ndugai ndiye pia aliyesimamia azimio la Aprili 2, 2019, ambalo Bunge liliamua kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwa kauli aliyoitoa akihojiwa na Redio ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Mkaguzi ni muulizaji wa kazi. Ripoti yake ndiyo inayowapa wabunge maswali. Assad alifika mbele ya kamati, akajieleza, hakubatilisha. Novemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akamteua Charles Kichere kushika nafasi hiyo, kabla Assad hajafikia umri wa kustaafu.

Aliyekwenda mahakamani kupinga hilo alikuwa Zitto Kabwe. Kesi ilichukua miaka. Desemba 2022, Zitto akiwa hana tena kiti bungeni, Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwa Assad kulikiuka Katiba. Profesa alipata hukumu mkononi. Machi iliyofuata ripoti ya ukaguzi ilikabidhiwa kwa Rais kama kila mwaka, na aliyeikabidhi alikuwa Kichere.